Lipi Niende Nalo

Mume wangu aliondoka siku ya Alhamisi, asubuhi, akiwa amevaa kiatu kimoja. Nilikuwa jikoni nikamsikia akiniita bila haraka, kama mtu anayeulizia miwani yake ilipo. Nilipofika sebuleni alikuwa ameegemea kochi, kiatu cha pili kipo mapajani, na mkono umelala kifuani. Daktari alisema ni moyo. Nilimjibu sawa. 

Msibani niliketi nikitazama watu wakiingia, na baada ya muda nikagundua kwamba wengi wao walikuwa wanakuja wawili wawili. Mwenye maduka ya vifaa vya umeme aliingia na yule aliyewahi kumshtaki. Mwenye malori aliingia na mwenye maghala. Watu ambao mji mzima ulijua kuwa hawakuwa wakisalimiana, walikaa benchi moja na kusogezeana nafasi. Shangazi yangu, ambaye macho yamepungua lakini ulimi uko palepale, aliniinamia sikioni.

"Umeona? Amelala, na bado anawapatanisha."

Nilicheka msibani mbele za watu, na sikuona haya. Wengi wana mengi ya kusema juu ya kazi aliyoifanya mjini. Haya ni ya nyumbani kwetu: namna alivyoingia, na namna alivyokaribia kukosa kuingia.

Wakati ule nilikuwa binti wa kiwanda. Baba alikuwa mpishi wa sabuni za kufulia, na mshirika wake, niliyemwita Baba mdogo tangu nikiwa na mapengo, ndiye aliyezitafutia wateja. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini ungeambiwa hivyo ungeshangaa. Baba alijua mafuta yamefika wapi kwa kuyanusa tu. Baba mdogo alijua mwenye duka atakataa kabla hajafungua mdomo. Mimi nilisimamia wakataji wa miche na wapiga muhuri. Kila mche ulipigwa muhuri wenye jina la mama yangu, aliyefariki nikiwa bado nasoma, na hilo ndilo lililokuwa jina la sabuni yetu.

Sasa, mche wa sabuni ukikatwa haufai kutoka siku hiyohiyo. Lazima ukae kwenye rafu wiki kadhaa ukauke, ushikamane. Mwaka ule Baba akaugua, akalazwa. Huku nyuma maduka yakawa yanadai mzigo, na Baba mdogo akautoa kabla haujakauka. Madukani miche ikasinyaa na kupinda kama ndizi. Jina la mama likajikunja. Wenye maduka wakaanza kuturudishia, na Baba alipotoka hospitali alikuta uani rundo la sabuni zimelala ubavu.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani akazima jiko. Baba mdogo, kwa hasira ya kuzimiwa jiko wakati wateja wanamwita kila saa, akafunga ghala na kutia ufunguo mfukoni. Wafanyakazi wakabaki kivulini wakipiga soga za kujikaza. Mawakili wakaanza kuandikiana barua za maneno marefu. Ni wakili wa Baba mwenyewe aliyesema kwamba kabla ya mahakama kuna mtu mmoja mjini, msuluhishi, mjaribuni kwanza.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye meza ya duara, na vyumba viwili vidogo pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mzee wa mvi na kikohozi. Nikamkuta mwanamume wa umri wa kuwa kaka yangu, shati limepigwa pasi, mikono ya shati imekunjwa mkunjo mmoja. Kabla hatujakaa alihamisha kiti alichokuwa anakiendea Baba mdogo, akakisogeza mbali na dirisha. Baadaye sana nilimuuliza sababu. Alisema jua la dirishani lingempiga mzee usoni, angekunja uso, na Baba angedhani anadharauliwa. Mambo madogo kama hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria wakati wengine wanatafuta pa kuweka mikoba.

Alianza kwa kutueleza kwamba yeye si hakimu na hataamua lolote. Kila mtu atasema mpaka amalize, na hakuna litakalosemwa mle litakalotoka nje. Baba mdogo alimtazama kama anavyotazamwa fundi aliyekuja bila nyundo.

"Sasa kama huamui, unatufanyia nini?"

"Ninawasaidia msikilizane."

"Masikio tunayo."

"Yapo, mzee wangu. Ila naona mmewakodishia mawakili."

Baba alikohoa ili asicheke. Nilimwona. Na yule mwanamume aliniona nikimwona Baba. Hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza kati yetu, dogo kiasi hicho.

Baba alipopewa nafasi alisema maneno makali. Alimwita mwenzake mwizi wa jina. Msuluhishi hakumkataza wala hakuinua kiganja. Alisubiri mpaka Baba akamaliza, kisha akamrudishia: "Unasema jina lilitumika bila wewe kuulizwa." Baba aliyageuza yale maneno kinywani, akakubali kwamba ndivyo. Nikashangaa. Neno lilikuwa lilelile, ila limetolewa miiba, kama mzazi anavyomchambulia mtoto samaki, na kwa sababu hiyo Baba mdogo upande wa pili wa meza aliweza kulimeza.

Na alijua kunyamaza. Alipomuuliza Baba mdogo kwa nini alitoa mzigo mapema, Baba mdogo alijibu kwamba biashara ni biashara. Mtu mwingine angeendelea na swali jingine. Yeye alikaa tu, uso wazi, kama mtu aliyeambiwa nusu ya habari na ana hakika nusu nyingine inakuja. Feni ikazunguka. Baba mdogo akasogeza bilauri, akairudisha, akasema tena kwamba biashara ni biashara, safari hii kwa sauti ya chini. Msuluhishi alitikisa kichwa kwa heshima akaliacha. Alijua pia wakati wa kuacha.

Siku ya pili alituchukua mimi na Baba kwenye chumba kidogo, sisi wenyewe. Alimuuliza Baba anataka nini. Baba akataja jiko, ghala, wateja, vyote. Msuluhishi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja la taratibu sana.

"Na ukishavipata vyote hivyo, mzee, Jumatatu asubuhi ukiamka utafanya nini?"

Baba aliitazama mikono yake, ile iliyokuwa na makovu ya soda kali ya kupikia sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mama, hebu tupishe kidogo."

Nilitoka. Nilisimama kwenye ukumbi mwembamba wa ngazi, nikisikia mkasi wa duka la chini ukila kitambaa. Walikaa sana. Mlango ulipofunguliwa nilisikia mwisho wa mazungumzo, nao ulikuwa swali alilokuwa akiwauliza watu wote kabla hajatoka faraghani kwenda upande wa pili.

"Katika haya uliyoniambia, lipi niende nalo, lipi nibaki nalo?"

"La muhuri nenda nalo," Baba alisema. "Lile lingine ubaki nalo."

"Nitabaki nalo."

Nilipoingia, Baba alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa. Na yule mwanamume alinitazama. Macho yake yalikuwa na unyevu, na hakuyaficha, lakini hayakuniambia kitu. Nimetazamwa na wanaume wengi katika maisha ya kiwandani, wengine walitazama mpaka wakajikwaa kwenye mapipa. Hakuna aliyewahi kunitazama akiwa amebeba jambo la baba yangu kwa uangalifu namna ile. Nilijua palepale kwamba nimekwisha.

Njiani kurudi nilimuuliza Baba alichomwambia. Alinijibu kwamba ni mambo ya wazee, akageukia dirishani.

Vikao viliendelea. Mimi niliendelea kwenda, na kila mara nilikuwa na sababu: Baba anahitaji mtu wa kumkumbusha dawa, Baba hasikii vizuri sikio la kushoto. Baba alisikia vizuri masikio yote mawili. Msuluhishi alimpokea kila mtu mlangoni. Alimuuliza Baba habari za kifua. Alimuuliza Baba mdogo habari za magoti, na akasikiliza majibu yote, ambayo hayakuwa mafupi. Nikifika mimi alinitikisia kichwa na kutazama pembeni.

Nilivumilia mpaka nikachoka. Mchana mmoja wazee walipotangulia kushuka, nilibaki nyuma nikamsimamia mlangoni.

"Samahani, kaka. Nimekukosea?"

"Hapana, dada."

"Baba mdogo unamsalimia mpaka magoti yake. Mimi unanitikisia kichwa kama nimekuja kusoma mita ya umeme."

Hakucheka. Aliangalia meza ya duara, iliyokuwa tupu, kama mtu anayehakikisha kwamba haisikii.

"Magoti ya mzee nikiyaulizia," alisema, "nikifika mezani nimeshayasahau."

Alinitikisia kichwa kilekile, akarudi ndani akafunga mlango polepole. Nilishuka ngazi sikuzihisi. Chini, mshona nguo aliniuliza kama nimepata nafuu, maana kila nikipita hapo huwa nimekunja uso.

Nyumbani Shangazi alinikuta napiga pasi gauni ambalo nilikuwa nimeshalipiga pasi. Alikaa kitandani, akalitazama gauni, akanitazama mimi, akataka kujua ni nani. Nilimwambia. Alilivuta gauni, akaliweka mapajani.

"Yule Bwana Katikati?"

"Shangazi."

"Mwanangu, mwanamume ambaye kazi yake ni kutokuwa na upande? Nyumba ikiungua, huyo ataweka kiti kati ya moto na maji aulize kila mmoja ana malalamiko gani."

Tulicheka mpaka Baba akauliza kuna nini. Lakini Shangazi alipoondoka nilikaa na lile neno. Lilinichoma kwa sababu halikuwa la kipuuzi. Nilikuwa nataka mtu wa kusimama nami, na nilikuwa nimemchagua mtu ambaye mji mzima ulimheshimu kwa kutosimama na yeyote.

Siku ya kikao cha mwisho tulijua kwamba ni cha mwisho. Karibu yote yalikuwa yamekubaliwa, kasoro suala la muhuri: nani aushike, na kwa masharti gani. Wafanyakazi walikuwa wameanza hata kufagia kiwanda. Tuliingia, tukakaa, na msuluhishi akabaki amesimama. Hakuwa na desturi ya kusimama. Baba mdogo aliacha kusugua magoti.

"Wazee wangu," alisema, "kabla hatujaendelea nina jambo, na linanihusu mimi. Kazi hii inataka mtu asiye na upande. Siku ya kwanza mlipokuja sikuwa nao. Leo ninao. Nimejikuta namsikiliza binti yako, mzee, hata asiposema kitu. Sijamtamkia neno, na yeye hajanitamkia. Lakini siku mtakapoligundua wenyewe, mtatilia shaka kila mlichokubaliana humu, na mtakuwa na haki. Kwa hiyo najitoa. Mwenzangu, msuluhishi wa ofisi ya mbele, atawapokea leo hiihii."

Sikujua pa kuweka macho. Niliyaweka mezani. Nilisikia feni, na kiti cha Baba kikilia.

Wa kwanza kusema alikuwa Baba mdogo, na alisema akicheka. "Yaani siku zote hizi nasuluhishwa na mkwe wa mwenzangu."

"Mkwe wa nani?" Baba aliuliza.

Baba mdogo akasema kwa upande wake hana neno, kijana aendelee, maana mtu anayejichongea mbele za watu hawezi kumwibia mtu kisirisiri. Baba ndiye aliyekataa. Alisema sasa hivi huyu atamkaba yeye zaidi, ili aonekane hampendelei baba wa binti. Atapoteza kwa sababu ya kupendewa mwanawe. Nilidhani msuluhishi atajitetea. Alikubali. Alisema mzee ana haki, hata yeye mwenyewe asingejiamini.

Ndipo Baba mdogo akauliza kama huyo msuluhishi mwingine ataelezwa yote yaliyokwisha kusemwa. Alijibu kwamba hataelezwa kitu. Waliyoyasema mezani watayasema tena wakitaka. Waliyomwambia faraghani ataondoka nayo. Itabidi waanze upya.

"Kuanza upya?" wazee wote wawili walisema kwa pamoja. Tangu ghala lifungwe, hawakuwa wamewahi kusema kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Alichukua kalamu yake na koti lake. Alinipita bila kunitazama, na niliona mkono wake ukikikosa kitasa mara ya kwanza. Alikuwa anaacha shauri ambalo lilikuwa limeiva, mbele ya watu ambao wangelisimulia mjini kote. Aliliacha kwa sababu yangu, na hakuwa na uhakika hata kama namtaka. Nilikaa wima kwenye kile kiti. Sijawahi kukaa wima namna ile tena.

Yule mwenzake, mama mmoja wa miwani mikubwa, alikuwa bado na wateja wengine. Tukasubiri ukumbini. Baba na Baba mdogo walikaa kwenye benchi moja kwa sababu hapakuwa na jingine.

"Kijana ana kiburi," Baba alisema.

"Kiburi sana," Baba mdogo akakubali. "Kuanza upya, mimi na magoti haya."

"Tumefika pale, anatuacha."

"Anatuacha kabisa."

Wakalaumu mpaka lawama zikawaishia. Nilikuwa nimesimama karibu na ngazi na sikuthubutu kusogeza mguu. Kisha Baba akauliza, akitazama ukuta, kwa nini hasa alitoa mzigo ule mapema. Baba mdogo hakusema biashara ni biashara. Alisema kwamba Baba alipolazwa, alikwenda hospitali siku moja akamkuta hajitambui, akarudi kiwandani akaona maduka yanaita, wafanyakazi wanamtazama, na hajui hata moto unapunguzwaje. Alisema aliogopa.

Halafu nikamsikia Baba akisema, polepole, kwa sauti iliyokuwa karibu kabisa na ya yule mwanamume:

"Unasema ulitoa mzigo kwa sababu ulidhani sirudi."

"Ndivyo."

"Na mimi nilikuzimia jiko."

"Ulinizimia jiko," Baba mdogo alisema, na akageuka kumtazama. "Kama mgeni aliyekuja kuazima jiko. Mimi."

Yule mama wa miwani alipotoka aliwakuta wameinamiana, wanabishana kwa sauti za chini kuhusu rafu za kukaushia. Hakuna mche utakaotoka kabla Baba hajaugusa kwa mkono wake. Hakuna jiko litakalozimwa bila Baba mdogo kuambiwa sababu. Muhuri nitakaa nao mimi, na atakayeutaka aniombe. Yule mama aliketi akayaandika kama walivyoyasema, wakatia sahihi. Aliponipita alinong'ona kwamba yule mwenzake asipoangalia atawakosesha wote kazi, maana hata akijitoa shauri linamalizika.

Wiki chache baadaye msuluhishi alikuja nyumbani kwetu na kaka yake mkubwa. Walikuja kama watu wanavyokuja kuposa, viatu vinang'aa na sentensi za kwanza zimefanyiwa mazoezi. Shangazi alikaa pembeni na ushonaji ambao sijawahi kuuona tena tangu siku hiyo. Kaka mtu alisema yake vizuri. Baba alimshukuru, kisha akamgeukia mdogo.

"Kuna jambo nilikuambia mle ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu halijui. Hakuna alijuaye. Ukikaa naye nyumba moja, siku mmekasirikiana, au siku mmefurahi kupita kiasi, litakutoka."

"Ulisema nibaki nalo."

"Nilimwambia msuluhishi. Sikumwambia mkwe."

"Ni mtu mmoja, mzee."

"Hiyo ndiyo hofu yangu."

Sebule ilipoa. Kaka mtu aliyatazama mazulia. Msuluhishi angeweza kuapa, kama wanavyofanya watu, kwa kaburi la huyu na yule. Hakuapa. Alisema tu kwamba hana namna ya kuthibitisha kabla ya miaka kupita, na kwamba kama jambo hilo linamnyima Baba usingizi, atasimama aende, na bado atabaki nalo. Baba akataka niitwe. Nilikuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo sikuchelewa.

"Mama," Baba aliniambia, "huyu anajua jambo langu. Hatakuambia. Si mwaka huu, si mwaka ujao, hata nikifa. Utaweza kuishi na mume wa namna hiyo?"

Wote walinitazama, isipokuwa yeye. Yeye alitazama chini ili jibu liwe langu. Hata hapo, akiwa na kila kitu cha kupoteza, hakunielemea. Nilifikiria neno la Shangazi la moto na maji. Nilifikiria ule mkono uliokikosa kitasa. Nikanyamaza mpaka nikawa na hakika kwamba ninachotaka kusema ni changu.

"Angekuwa mtu wa kuniambia, Baba, nisingemtaka."

Baba alitoa kitambaa akajifuta uso. Ni Shangazi aliyetuokoa. Aliweka ushonaji chini.

"Basi mpeni huyo Bwana Katikati maji ya kunywa. Amekauka kuliko mche wa miezi sita."

Nilimletea maji mimi mwenyewe. Alipopokea bilauri vidole vyetu viligusana, na hakuviondoa upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa kadiri alivyotaka. Alisema, "Habari za siku nyingi?" Nilimjibu kwamba nzuri, na kwamba magoti yangu pia hayajambo.

Tulioana, tukaishi. Sikuwahi kukaa katika nyumba yenye ukimya wa raha kama ile. Shangazi alikosea jambo moja juu yake, na alikuja kulikubali kwa kinywa chake: nyumbani kwake alikuwa na upande, na ulikuwa wangu, na alisimama hapo hata mbele ya ndugu zake, hata nilipokuwa nimekosea, na makosa yangu akaniambia mlango ukiwa umefungwa.

Baba alipofariki nilimuuliza mume wangu, mara moja tu. Ilikuwa baada ya mazishi, alikuwa anakunja mashati. Nilimwambia sasa hakuna wa kuumia, naomba anieleze baba yangu alisema nini siku ile.

"Aliniambia nibaki nalo."

"Amekufa."

"Ndiyo maana," alisema. "Siwezi tena kumwomba ruhusa."

Nilimnunia siku nzima. Sikumwambia hata chakula kiko tayari, niliweka tu. Alikula, akaosha vyombo, akaja akakaa karibu nami, mpaka mnuno ukanichosha mwenyewe. Usiku huo nilijua kwamba Baba amelala salama, na kwamba mimi pia, vyote nilivyowahi kumwambia mwanamume huyu nikilia, nikiwa na wivu, nikiwa mjinga, viko mahali salama palepale.

Wiki iliyopita walikuja nyumbani washirika wa kiwanda cha magodoro. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja bila kumwambia mwenzake. Shauri lao lilikuwa mikononi mwa mume wangu, na kila mmoja alikuwa na lake alilomwambia faraghani. Wa kwanza alinipa pole, akakaa sana, na mwishoni akauliza kwa kuzungukazunguka kama labda marehemu aliwahi kusema lolote jioni, wakati wa kula. Wa pili hakuzunguka. Aliuliza moja kwa moja tunajua nini juu yake humu ndani.

Niliwajibu sawasawa wote wawili. Niliwaambia sijui chochote, na kwamba hata majina yao nimeyasikia leo. Yule wa pili alinitazama muda mrefu kuona kama nadanganya. Halafu alishusha pumzi, akaomba maji.

Mume wangu alichoambiwa na Baba sikijui mpaka leo. Shauri la magodoro linaanza upya Jumanne, kwa msuluhishi mwingine.